Muhula wa Mwalimu Badala

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenifunga mdomo kwa karatasi yenye muhuri. Muhula mzima nisiseme, nisiimbe, nisinong'one hata kidogo. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi, anasema. Kooni nina vinundu viwili, kila kimoja kama punje ya mtama, na vimeota kwa kupiga kelele miaka kumi na tisa. Nikamwandikia kwenye kijitabu: "Sikupiga kelele. Nilifundisha." Akasoma, akacheka. "Mama, koo halijui tofauti."

Shule yetu imeezekwa bati tupu, bila dari. Mvua ikinyesha, walimu wote huweka chaki chini na kusubiri, maana hata aliye hatua mbili hakusikii. Mimi sijawahi kusubiri. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Tatu, na mvua inyeshe itakavyo, sauti yangu hufika hadi getini. Wanafunzi wananiita Mama Kengele wakidhani sijui. Najua, na jina nalipenda.

Sasa sina wa kusema naye, ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mume wangu, ambaye ni fundi redio, amekaa kimya jioni nzima akitega sikio, kisha akasema, "Mke wangu, kumbe saa yetu ya ukutani inapiga tiki-tiki. Miaka yote hii sikuwa nimeisikia!"

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa shule ameniita. Atakuja mwalimu wa muda kushika darasa langu. Yeye atafundisha, mimi nitasahihisha madaftari nikiwa kwenye stoo ya vitabu, ambayo imetenganishwa na darasa kwa ukuta wa mbao.

"Sauti ikirudi, dada, darasa ni lako," alisema. "Isiporudi, tutaona."

Hiyo "tutaona" imenikaa kooni pamoja na vile vinundu.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja. Binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vya raba, begi la mgongoni kama mwanafunzi. "Shikamoo, Mwalimu," akaniambia, na ikabidi nimwangalie midomo ili nijue kasema nini. Ana sauti ya kifaranga! Nikatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Darasa la watu arobaini na saba, ukuta wa mbao, bati juu, na mwalimu anayesema kama anamwamsha mtoto mchanga. Nikasema moyoni, huyu hamalizi wiki.

Hadi mchana walikuwa wameshambandika jina: Mwalimu Badala. Vizuri. Badala ni badala, kama tairi la akiba.

Ijumaa, 7 Machi

Kumaliza wiki, amemaliza. Darasa limetulia ili limsikie. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Jumatano, 12 Machi

Tumefika kwenye mada yangu. Watu wengine wana mapishi yao, mimi nina hii: namna Waingereza wanavyosema kitu kimeshika nafasi ya kingine. Nina chati ya karatasi ngumu niliyoichora mwaka wangu wa pili kazini, kwa wino wa rangi tatu. "Instead of": nyuma yake lije jina la kitu, au kitendo chenye mkia wa "-ing", na ole wake anayeandika "instead of to walk". "Instead" likiwa peke yake, likae mwisho wa sentensi na lisiburute "of". "Rather than" ni la mtu anayepima mawili na kupenda moja. "On behalf of" si kuchukua nafasi ya mtu, ni kumsemea. Chati hiyo imefundisha watu ambao leo ni mahakimu.

Badala akaja stoo na kuikunja mbele yangu, taratibu, kwa adabu zote. "Mwalimu, naomba wiki hii tusiibandike. Nitawaletea ndoo."

Ndoo! Nikamwandikia FANYA UTAKAVYO, kwa herufi kubwa.

Nikaweka sikio kwenye mbao. Kiti kikaburutwa. Ndoo ikagonga sakafu. Sauti ya kifaranga ikauliza kitu, na darasa zima likajibu kwa Kiingereza kwamba mwalimu amekalia ndoo badala ya kiti. Kicheko. Kisha nadhani akamvika mtu begi kichwani badala ya kofia, maana walicheka hadi mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia. Kwenye kipindi changu hakuna aliyewahi kuja kuchungulia. Kwani kulikuwa na haja gani, wakati wote walinisikia walipo?

Jumatano, 19 Machi

Madaftari arobaini na saba. Kila mwaka, nikisahihisha zoezi la "instead of", nakuta ishirini wameandika "to walk", "to eat", "to sleep". Mwaka huu watatu. Nikarudia kuyapitia upya kutafuta wengine, nikampata mmoja tu aliyesahau nukta.

Sikufurahi. Mwalimu gani huyo asiyefurahi makosa yakipungua? Ni mimi. Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Jumatatu, 24 Machi

Zoezi la "rather than". Yule msichana wa dawati la mbele, mrefu, tuliyezoea kumwita Twiga, ameandika: "I listen to the new teacher rather than sleep." Yaani anamsikiliza mwalimu mpya kuliko kulala. Sasa kwangu alikuwa analala?

Nilitafuta kosa hadi macho yakauma. Hakuna. Nikampa tiki, ndogo.

Jumatano, 2 Aprili

Badala alikuja nyumbani jioni kuchukua madaftari. Mume wangu akaiona redio ndogo ya binti inaning'inia kwenye begi, imekufa, na fundi hawezi kuona redio mfu akanyamaza. Akaifungua palepale mezani. Wakaongea waya, wakaongea betri, wakacheka. Nilikaa katikati yao kama kabati.

Alipoondoka, mume wangu akasema, "Binti ana sauti ya kutuliza sana yule."

Nikampakulia chakula bila kumtazama. Akala kidogo, akaniangalia. "Hivi umeninunia au umenyamaza tu? Siku hizi siwezi kujua."

Nikaandika kwenye kijitabu: "Vyote viwili."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kwanza kubwa, saa nne hadi saa sita kasorobo, vipindi viwili vizima. Ukutani kwangu hakukupita hata neno moja. Ningekuwa mimi humo ndani, getini wangesikia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kimya.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Kimya. Anapokea mshahara wa kuangalia matone.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimemnasa. Mvua ilikuwa inapiga kama kokoto, kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Nikabandika sikio kwenye mbao upesi. Hakuna anayesoma, hakuna anayefundisha, hakuna hata chaki inayokwaruza. Kimya kabisa. Halafu darasa zima likaangua kicheko.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mvua ikinyesha ni michezo. Darasa la mtihani wa mwakani! Nikaandika tarehe na saa kwenye jalada la ndani la daftari hili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua, ikakatika. Kimya, kisha kicheko. Nimeandika saa.

Jumatatu, 28 Aprili

Karani wa ofisi ni rafiki yangu, na siri kwake ni maji kwenye chekecheke. Alinikuta kwenye korido akanivuta pembeni.

"Dada yangu, mimi sijasema kitu, sawa? Ila nimepiga chapa barua asubuhi. Yule binti anathibitishwa. Kidato cha Tatu, moja kwa moja."

Nikajionyesha kifua kwa kidole: na mimi?

"Wewe utakuwa mtunza vitabu. Utapata na kiti cha magurudumu... hapana, si cha wagonjwa! Kile cha ofisini, kinachozunguka."

Nilirudi stoo nikakaa juu ya boksi. Nililia, na hata kulia siku hizi nalia bila sauti. Baada ya miaka kumi na tisa niwe napanga vitabu nyuma ya ukuta, nikisikiliza mwingine akiitwa Mwalimu. Maana siku hizi hawamwiti tena Badala. Nimewasikia. Wanamwita Mwalimu tu, na mimi nimekuwa "yule mwalimu wa zamani". Anayemwita Badala nimebaki mimi na daftari hili.

Ninamwonea wivu. Nimeliandika, halitafutika. Namwonea wivu kwa koo lake zima, ndoo yake, watoto wangu, na hata redio yake.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeandika barua kwa Mkuu. Nakala hii hapa, nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa na maneno mengine:

"Naona ni wajibu wangu kukujulisha kwamba siku za mvua mwalimu wa muda hafundishi. Darasa huwa kimya, kisha hufuata vicheko. Tarehe na saa nimeambatanisha. Hawa ni watahiniwa wa mwakani. Naandika kwa niaba ya wazazi wao."

Hakuna mzazi aliyenituma.

Jumanne, 6 Mei

Mkuu aliniita, barua iko mezani. "Una hakika na haya, dada?"

Kuitikia kwa kichwa daktari hajakataza. Niliitikia.

Ijumaa, 9 Mei

Badala ameingia stoo saa ya mapumziko, macho mekundu. Barua ya kumthibitisha imesimamishwa. Ijumaa ijayo ndiyo siku yake ya mwisho.

"Kuna mtu amemwandikia Mkuu kunishtaki, Mwalimu. Kasema sifundishi. Mkuu hataki kuniambia ni nani." Akakaa kwenye boksi langu. "Wewe umekaa hapa miaka mingi, unawajua watu. Nifanye nini?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kuandika maneno mawili na mambo yakaisha. Nikaandika moja: "Subira."

Akalisoma, akakunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati kama mtu aliyepewa dawa. "Ahsante, Mwalimu."

Mchana sikula.

Jumanne, 13 Mei

Nataka niandike yote ya leo kabla sijapata muda wa kuyapamba.

Mvua ilianza saa tatu. Sijaona mvua kama ile muhula huu. Saa nne bati la stoo likaanza kuvuja juu ya maboksi ya vitabu vya fasihi, na mimi peke yangu, siwezi kuita mtu. Hata ningeweza, nani angenisikia? Nikatoka kwenda kuomba vijana wa kubeba. Nikasukuma mlango wa darasa langu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Nilitegemea kukuta mchezo. Nilikuta watu arobaini na sita wamekaa wima, macho mbele, wanafanya kazi.

Juu ya ubao, kwa herufi kubwa: MVUA INASEMA, SISI TUNAANDIKA. Twiga alikuwa amesimama mbele na mwavuli. Aliufunga, akauweka kando, akachukua jani la mgomba wa pale nyuma ya choo na kujifunika nalo kichwa. Badala akanyoosha kidole kwa darasa. Kila mmoja akainamia kipande cha boksi mezani kwake, akaandika kwa chaki, akakiinua juu. Sentensi arobaini na sita kwa mpigo! Mwalimu akapita na macho, akamwonyesha mmoja kidole gumba, akamwonyesha mwingine vidole viwili akivigonganisha, na yule akajua palepale kwamba amesahau neno. Akafuta kwa kiwiko, akaandika upya. Kijana mmoja nyuma alikuwa ameandika kwamba Twiga amevaa jani badala ya akili. Wote wakaangua kicheko, na kicheko hicho nilikiona tu, sikukisikia, kwa ajili ya mvua.

Ndicho kicheko nilichokiandikia saa na tarehe.

Miaka kumi na tisa, mvua ikinyesha, nilisema mimi na wao wakasikiliza. Sijawahi hata siku moja kuona sentensi za wote kwa wakati mmoja. Na ule ukuta wa mbao, kumbe wakati wa mvua haupitishi sauti ya mtu yeyote. Nilikuwa nimesikiliza bati, nikamshtaki binti wa watu.

Badala akaniona mlangoni. Alinitazama kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha akaja, akanishika kifundo cha mkono, akaniwekea chaki kiganjani, akaenda kukaa kwenye ile ndoo.

Sikujua nianzie wapi bila sauti. Nikavua kiatu kimoja, nikakiweka mezani, nikakichukua kifutio cha ubao na kujaribu kukivaa mguuni. Vipande vya boksi vikapanda juu. "Our teacher is wearing a duster instead of a shoe." Nikafundisha dakika ishirini. Nilifundisha kwa kidole, kwa nyusi, kwa kiatu. Hakuna aliyelala, hata Twiga.

Mvua ilipopungua, Twiga ndiye aliyesema. "Mwalimu, tumefanya vizuri? Tumejizoeza tangu mwezi wa nne."

Nikainua mabega: mmejizoeza nini?

"Kukusoma wewe. Mwalimu alituambia ukirudi, sauti yako haitakuwa tena ya kushindana na mvua. Akasema msimsumbue kwa kusema 'hatusikii'. Jifunzeni mikono."

Vitabu vya fasihi vimelowa. Nilivisahau.

Jumatano, 14 Mei

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mkuu, na barua ya pili: "Ile ya kwanza niliiandika kwa wivu. Sikuwa nimeona darasani. Nilisikiliza ukuta. Tafadhali mwache abaki."

Aliisoma mara mbili. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na tumeanza kazi pamoja, tumelea watoto wetu kwa wakati mmoja.

"Dada, nimeshapeleka jina lake juu. Wamempa shule nyingine, ng'ambo ya mto, anaanza Jumatatu. Unafikiri watu ni madaftari, ukikosea unafuta?" Akaisukuma barua upande wangu. "Darasa ni lako. Si ndicho ulichotaka?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ila mimi nimemwingiza mwenzangu, nikabaki juu nimeshika kamba.

Ijumaa, 16 Mei

Siku yake ya mwisho. Nilimsubiri stoo nikiwa na kijitabu kilichoandikwa tayari: "Ni mimi niliyeandika ile barua."

Alisoma. Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Jumatatu Mkuu aliniacha ofisini peke yangu, barua ikawa wazi mezani." Akatoa kwenye mfuko wa shati kile kikaratasi cha "Subira", akakinyoosha juu ya boksi. "Mwandiko mmoja."

Jumatatu. Kwa hiyo Jumanne, aliponiwekea chaki kiganjani, alikuwa anajua. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alisema kwa ile sauti yake ndogo, na safari hii sikuhitaji kumwangalia midomo:

"Chaki nilikupa kwa ajili yao, Mwalimu. Si kwa ajili yako."

Nikaandika: "Nisamehe."

"Siku moja, labda. Leo bado." Akavaa begi lake. Mlangoni akageuka. "Ndoo naiacha. Usiwafundishe kwa chati."

Jumamosi, 17 Mei

Mume wangu nimemwandikia yote, kurasa nne. Alisoma kwenye benchi lake la kazi, kisha akazima redio zote zilizokuwa zinanguruma, akaja kukaa karibu nami. Hakutania.

Jumatano, 21 Mei

Kwa daktari. Vinundu vimenyauka. Naruhusiwa kusema dakika tano kwa siku, kisha kumi. Nilijaribu palepale kusema ahsante, ikatoka sauti ya mlango wenye kutu. "Ndiyo hiyo," akasema. "Haitarudi ile ya zamani. Ukishindana na mvua hata mara moja, utaikosa na hii."

Ijumaa, 23 Mei

Nimerudi darasani. Wakasimama wote. Nikasema, "Habari za asubuhi," kwa ile sauti ya kutu, na hakuna aliyecheka. Waliinama mbele kunisikia, kama walivyozoeshwa.

Kabla sijasema la pili, mvua ikaanza. Nilihisi koo likijitayarisha lenyewe kupambana, kama zamani. Nikafunga mdomo. Nikakaa kwenye ndoo, nikaandika ubaoni: sentensi moja kila mtu, tumia neno lolote la kushika nafasi tulilojifunza muhula huu. Vipande vya boksi vikabaki chini ya madawati, maana zoezi hili ni la kukusanya. Wakaandika kwenye madaftari, mvua ikisema peke yake.

Jioni hii ninayasahihisha nyumbani. Watatu wamesahau "of". Mmoja ameniandikia kuhusu akili na jani tena, nadhani anajivunia. La Twiga liko mbele yangu sasa, na kalamu nyekundu imeanza kukauka ncha kwa kusubiri. Ameandika: "We did not want one teacher instead of the other." Hawakutaka mwalimu mmoja badala ya mwingine.

"Of" ipo. Nyuma yake limekuja jina linalotakiwa. Nukta ipo. Nimetafuta kosa, nikatafuta tena. Hakuna. Nimempa tiki, kubwa, nikafungua daftari linalofuata.